Mzee wangu hajarudi barazani tangu ile kafyu ya 2020. Wenye wazazi wastaafu, kwenu ikoje?

#1 BintiKuze

Salamu kwenu nyote. Swali langu ni la nyumbani, lakini naamini wengi mtakuwa na la kusema.

Babangu na mamangu ni walimu wastaafu, wako Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ile ile tangu waoane. Baba alistaafu 2013, mama 2016. Tangu astaafu, siku ya baba ilikuwa moja: akitoka msikitini alfajiri anakunywa chai, anasoma gazeti, saa nne anatoka. Adhuhuri anarudi kula na kujinyoosha. Akishaswali alasiri ni barazani mpaka magharibi, na baada ya isha tena mpaka usiku uingie. Wazee sita, kahawa chungu, kashata, siasa, na kesi za mirathi za watu wengine. Nyumba ikawa ya mama.

Machi 2020 Corona ikaingia. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Mombasa ikafungwa. Tarehe 6 Mei, Ramadhani katikati, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi nilikuwa Nairobi, nayo imefungwa. Kakangu yuko Likoni, akawa anaacha kikapu kwenye kizuizi na kijana wa mtaani anakifikisha mlangoni. Wazee wakabaki wawili ndani. Baba alikuwa na miaka 67, na ana sukari.

Wiki za kwanza kila nikipiga simu ni mashtaka. Baba alihamisha makopo ya viungo akayapanga kwa alfabeti, kila kopo na karatasi yake, mwandiko wa ubaoni kabisa. Mama miaka yote anaijua iliki kwa mkono, hatazami, sasa anapapasa anakuta bizari. Baba naye anasema mama anamwaga maji ovyo na maji yenyewe ni ya mkokoteni. Wakanuniana siku nane. Siku hizo nane walikuwa wakisemeshana kupitia kwangu: mama ananipigia Nairobi, "Mwambie babako futari tayari," nami nampigia baba aliye chumba cha pili.

Halafu kikatokea kitu ambacho sikukiona. Nilipofika katikati ya Julai, treni iliporudi, nilimkuta baba amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na anamhadithia mama. Hadithi zile zile za baraza.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Mpaka leo baba hajarudi barazani. Msikitini anakwenda, sokoni anakwenda, barazani anatoa salamu anapita. Nikimuuliza anasema, "Kuna nini kule?" Mama hatii neno. Nisaidieni: ni kwa nini?

#2 Mvuvi wa Mtongwe

Sahihisho kwanza. Tarehe 6 Aprili ni Nairobi. Sisi Mombasa, Kilifi na Kwale tulifungwa tarehe 8, saa moja jioni. Siwezi kuisahau, mke wangu alikuwa amekwenda Lamu kumuuguza mamake, akabaki huko mpaka 7 Julai walipofungua.

Kuhusu mzee, mbona hakuna fumbo? Amegundua ana mke.

#3 BintiKuze

Ahsante kwa tarehe, ni kweli, nimechanganya ya kwetu na ya Nairobi. Lakini kugundua una mke baada ya miaka arobaini, Mvuvi?

#4 Mvuvi wa Mtongwe

Wengine hawagundui kabisa, dada. Mshukuru.

#5 Mkongwe wa Voi

Mimi mwenyewe ni mstaafu, nilifanya kazi reli. Nitakwambia la moyoni kwa sababu watoto wetu hawalijui.

Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai 2020, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na mtoto chini ya miaka 13 au mtu aliyepita 58 asiingie. Nilikuwa mzee wa kanisa. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwangu. Jumapili ile nilikwenda kufungua mlango, nikawahesabu vijana wakiingia, kisha nikarudi nyumbani kusikiliza ibada redioni na mke wangu. Siwalaumu waliotoa amri, ugonjwa ulikuwa unatuua sisi kuliko wengine. Ila mwanamume akiambiwa mbele ya watu kwamba umri wake umemtoa kundini, kuna kitu kinakunjika ndani. Ulipofika wakati wa kurudi, nilirudi, lakini sikukaa tena kiti cha mbele.

Mzee wako alikuwa na 67. Usitafute mbali.

#6 MamaTatu

Naona wanaume mnamjadili mwanamume. Mleta uzi, umemuuliza mamako? Si kuhusu baba. Umemuuliza yeye anataka nini?

#7 BintiKuze

MamaTatu, kusema kweli sijamuuliza hivyo.

Mkongwe wa Voi, shikamoo. Hilo la 58 lilimuuma. Aliisikia amri yenyewe kwenye televisheni, akaizima, akaenda kulala kabla ya isha. Mama ndiye aliyeniambia.

#8 Mtanga_Halisi

Poleni wakuu. Nawaletea kesi ya upande wa pili wa mpaka ili mpime vizuri. Sisi Tanzania hatukufungiwa. Shule zilifungwa 17 Machi, na Juni tayari zinafunguliwa. Hakukuwa na kafyu wala kizuizi. Baba yangu, mstaafu wa bandari hapa Tanga, alijifungia mwenyewe. Aliacha kijiwe cha bao tangu mwezi wa nne, akawa anajifukiza asubuhi na jioni, mama anachemsha majani ya mchaichai na mlimao na kumfunika blanketi. Na yeye hajarudi kijiweni mpaka leo.

Kwa hiyo amri ya serikali haielezi kila kitu. Huku amri haikuwepo na matokeo ni yale yale.

#9 Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya wazee miaka mingi. Kuna jambo mnaliruka: masikio.

Mzee akianza kupoteza usikivu hasemi, mara nyingi hata mwenyewe hajui. Anasoma midomo. Mwaka 2020 sote tukavaa barakoa, midomo ikafichika, sauti ikawa nzito, na tukakaa mbali. Wazee wengi ndipo walipoanza kusema "eh?" kila neno. Barazani watu sita wanaongea pamoja, pikipiki inapita, mwenye kahawa anagonga vikombe. Kwa mtu mwenye masikio mazito hapo ni kelele tupu. Nyumbani ni sauti moja anayoijua tangu ujana. Mtu huyo atachagua wapi?

La pili ni miguu. Mzee mwenye sukari akikaa miezi mitatu hatembei, misuli ya mapaja hupungua haraka. Baraza za Mji wa Kale ni za chini. Kukaa si kazi, kazi ni kuinuka mbele ya watu.

Televisheni anaiweka sauti gani?

#10 BintiKuze

Ya juu sana, Nesi. Lakini alianza wakati ule ule, alikuwa hakosi taarifa ya Corona ya kila siku ya Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, na ikianza hakuna mtu kusema mpaka idadi isomwe. Nilidhani ni hofu. Miguu hapana, anakuna nazi juu ya mbuzi na mbuzi ni ya chini kuliko baraza!

#11 Nesi wa Zamu

Basi miguu nimeiondoa. Masikio siyaondoi.

#12 Dele la Kahawa

Nimekulia mtaa wa pili kutoka hapo, huenda baraza ninalolifikiria ndilo. Msimtaje mtu. Swali langu: wale sita wako wangapi leo? Watu wanasema "harudi barazani" kama kwamba baraza ni jiwe. Baraza ni watu. Jiwe bado lipo, nimelipita juzi, wamekaa vijana na simu zao.

#13 BintiKuze

Dele, umenigusa pabaya.

Wawili wamefariki. Mmoja amehamia Kisauni kwa bintiye. Wa kwanza kufariki ndiye aliyekuwa sahibu yake wa dhati, walisoma pamoja utotoni. Alifariki mwishoni mwa Mei 2020, mji umefungwa, na maziko yalikuwa ya watu 15 tu. Baba hakuwa kati ya hao 15. Nyumba ya marehemu iko vichochoro viwili tu kutoka kwetu. Alisimama dirishani akasikia wakipita na jeneza, akasoma Fatiha pale pale. Mama alisimama nyuma yake.

Sasa nikiandika naona kwamba simu za mashtaka zilikoma baada ya hapo. Sikuwahi kuziweka pamoja.

#14 Mkongwe wa Voi

Pole sana mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

#15 Jirani_Eastleigh

Innalillahi. Poleni.

Eastleigh ilifungwa siku ile ile na Mji wa Kale, 6 Mei, kwa hiyo najua. Ila sitaki uzi huu uishe kwa picha kwamba kufungiwa kulipatanisha wazee. Kwetu haikuwa hivyo. Wazazi wangu walikuwa na duka, wakatuachia sisi watoto wakapumzika. Miaka yote walikuwa wakikutana usiku tu, na walikuwa sawa. Walipokaa ndani mwezi mzima, yaliyolala yakaamka: deni ambalo baba alimkopesha nduguye bila kusema, ardhi iliyouzwa, mambo ya 1994! Baba akahamia chumba cha kakangu. Mji ukafunguliwa, yeye hakurudi chumbani. Wanakula pamoja, wanasali, wanapokea wageni, lakini vyumba ni viwili mpaka leo.

Kwa hiyo mzee wako kukuna nazi ni bahati. Wala si kila anayebaki ndani amebaki kwa mapenzi.

#16 Mvuvi wa Mtongwe

Jirani, hilo la ardhi lilihitaji Corona kweli?

#17 Jirani_Eastleigh

Lilihitaji watu wawili wasio na pa kwenda.

#18 Mkunazi_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Ami yangu na mkewe, Waswahili wa hapa, walikuwa Matrah. Matrah ilitangulia kufungwa, mwanzo wa Aprili 2020, kabla ya Maskati nzima. Ami amestaafu serikalini. Alikaa ndani miezi, akamwagilia maua mpaka yakaoza mizizi. Usiku wa kwanza waliporuhusu watu kukutana alikuwa sabla, ukumbi wa baraza wa huku, kabla ya mwenye funguo. Mkewe alifunga mlango akasema alhamdulillahi, tukamsikia wote.

Kwa hiyo zile nadharia za hofu na umri mbona kwa ami hazikufanya kazi? Ana 71.

Na Nesi, neno barakoa huku lina wenyewe. Kwa bibi zetu barakoa ni ile ya usoni ya wanawake, Zanzibar ya zamani walikuwa nayo na hapa Oman bado wapo wanaoivaa. 2020 tulipomwambia bibi kwamba wanaume wote wavae barakoa alituuliza tena mara tatu.

#19 Mtanga_Halisi

Hahaha, bibi ana haki zake.

Lakini mkuu, ami yako sabla ilimsubiri na watu wake wote. Rudi #12 na #13.

#20 Mwalimu_wa_Ngaji

Assalaam alaykum. Hakuna aliyegusa Ramadhani, nami nadhani ndiyo kiini.

Mwaka ule misikiti imefungwa na magharibi ikigonga kafyu i karibu. Hapakuwa na tarawehe ya jamaa. Mwanamume aliyeswali nyuma ya imamu maisha yake yote ikabidi aswalishe nyumbani, na maamuma wake ni mmoja. Mimi nilikuwa hivyo. Usiku wa kwanza nilitetemeka kuliko nilivyowahi kutetemeka mbele ya wanafunzi. Ukishamsikia mkeo akiitikia amina nyuma yako mwezi mzima, nyumba inabadilika, si ile tena.

BintiKuze, waliswali tarawehe?

#21 BintiKuze

Waalaykum salaam. Waliswali, rakaa nane kila usiku. Baba hakuhifadhi sana zaidi ya juzuu ya mwisho, na akisahau mama anapiga kofi nyuma, kama ilivyo ada kwa mwanamke. Mama alisoma chuo cha Kurani kuliko yeye. Baba aliniambia kwa simu, kwa fahari kabisa, "Mamako hajanipigia kofi leo." Wakati ule nilicheka tu.

Na hii ilianza *kabla* ya siku nane za kununiana au baadaye? Kwa kweli sikumbuki. Kama walinuniana katikati ya Ramadhani ina maana waliswali pamoja huku hawasemeshani.

#22 MamaTatu

Inawezekana kabisa. Mimi na wangu tumeshafanya.

Bado nasubiri jibu la #6.

#23 KijanaWaBuxton

Mnaenda mbali. Ni simu! Kabla ya 2020 babangu mdogo alikuwa na kabambe, simu ndogo ya tochi. Pesa za chini ya shilingi 1,000 zilipokuwa hazikatwi ada, Machi mpaka mwisho wa mwaka, watoto wote tukawa tunawatumia wazee kidogo kidogo, na wao wanatumiana na ndugu. Akajifunza. Kisha akanunuliwa simu kubwa ili aone wajukuu. Baraza lake sasa liko mkononi, ana makundi matatu ya WhatsApp ya wazee wa mtaa. Anabishana mpaka saa sita usiku kitandani. Kwa nini akae kwenye jiwe?

#24 Dele la Kahawa

Hilo lina ukweli, kijana. Lakini WhatsApp haina kahawa.

#25 BintiKuze

Baba hana WhatsApp. Alijaribu, akasema herufi ni ndogo na watu hawaandiki sentensi kamili.

MamaTatu, nimempigia mama jana usiku. Nimemuuliza kama ulivyosema: wewe unataka nini? Alikaa kimya nikadhani simu imekatika. Nitaandika alivyosema, nimempigia tena leo nikapata ruhusa.

Alisema: "Babako alikuwa mgeni humu ndani miaka arobaini. Mgeni mzuri, sina ubaya naye. Anakuja kula, anakuja kulala, namwandalia kama mgeni. Ule mwaka akawa mwenyeji. Akajua mlango wa stoo unabanwa na nini, akajua mimi mchana hulala na kwa nini hulala. Alikuwa hajui kwamba goti langu linauma nikipanda ngazi, maana nilikuwa nikipanda hayupo. Sasa yeye ndiye hupandisha maji juu."

Nikadhani hapo ndipo mwisho, nikaanza kulia. Akaendelea.

"Lakini mimi nilikuwa na watu wangu. Kila Alhamisi sebule hii ilikuwa na wanawake tisa tunashona kofia, tunasoma maulidi, tunasema yetu. Tangu babako abaki ndani hawaji. Wakija anakaa chumbani, lakini wanajua yumo, wanasema kwa sauti ya kuomba chumvi. Yeye baraza lake lilikufa, Mungu ndiye aliyetaka. Langu lilikuwa hai. Nimelifunga mimi mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza."

Nikamuuliza, kwa hiyo unataka arudi barazani? Akasema, "Kuna siku nataka. Kuna siku akichelewa msikitini dakika kumi nasimama dirishani." Akakata, kuna kitu jikoni.

#26 MamaTatu

Mpe mamako salamu zangu. Mwambie kuna mtu hajui jina lake amemsikia.

#27 Mkongwe wa Voi

Nimeisoma kwa sauti kwa mke wangu. Ameniuliza, "Na mimi ungeniuliza lini?" Naondoka hapa kwanza.

#28 Jirani_Eastleigh

Hiyo ya sauti ya kuomba chumvi inanikumbusha mamangu. Labda nadharia zetu zote ni za kumweleza mzee na tulipaswa kuielezea nyumba.

Lakini hata hivyo, BintiKuze, mamako hajasema kwa nini baba harudi. Amesema yeye alipata nini na kupoteza nini. Swali lako liko pale pale.

#29 Nesi wa Zamu

Narudia, mpelekeni akapimwe masikio. Hata kama sababu ni huzuni, huzuni na uziwi hufuatana, mtu asiyesikia hujitenga na anayejitenga huzidi kuzama. Kupima hakudhuru kitu. Na sukari ya muda mrefu nayo hugusa usikivu.

#30 Mwalimu_wa_Ngaji

Nesi, sikupingi, lakini alisikia kofi la mkewe nyuma yake.

#31 Nesi wa Zamu

Kofi ni sauti kali, ustadh, na chumba kilikuwa kimya. Ndiyo hoja yangu hasa.

#32 KijanaWaBuxton

Sasa mama afanyeje na Alhamisi? Kofia za mkono siku hizi zina bei nzuri, ni kipato pia.

#33 Mvuvi wa Mtongwe

Baba aje kwangu Alhamisi, mimi niko na mtumbwi na nafasi. Kakako wa Likoni anaweza kumvusha na feri. Nasema kweli, si maneno ya mtandaoni.

#34 BintiKuze

Mvuvi, nitamwambia. Hajavuka feri tangu zile picha za siku ya kwanza ya kafyu, watu wakirushiwa vitoa machozi pale kivukoni na saa moja haijafika. Aliziona mara nyingi mno kwenye televisheni. Labda nayo ni sababu, sijui, kila siku naongeza moja.

#35 Mwanafunzi wa Zamani

Nimesoma uzi wote kimya. Kwa hayo makopo ya alfabeti na mwandiko wa ubaoni nadhani mzee huyu alinifundisha darasa la saba. Kama ndiye, alitusomesha hesabu alfajiri kabla ya kengele bila kulipwa. Niko Majengo, sijamwona miaka kumi na nane. Naruhusiwa kuja kumwamkia? Siku gani?

#36 BintiKuze

Nimekutumia jina kwa ujumbe wa pembeni.

#37 Mwanafunzi wa Zamani

Ndiye.

#38 BintiKuze

Njoo Alhamisi baada ya alasiri, umtoe mkatembee mpaka Ngome (Fort Jesus) na kurudi taratibu. Kaa upande wake wa kulia. Nimemuuliza mama leo, anasema miaka miwili sasa akiwa kushoto kwake humsemesha mara mbili.